Mimi umeniandika wapi?

Jioni ile mjomba alishuka kutoka minazi 10 na lita 10 za tembo, maji matamu ya mnazi tuliyokuwa tukiyachemsha kuwa sukari ya kuuza. Kotama, kisu chake cha kugemea, ilikuwa kiunoni, shati limeloa jasho. Kwa kawaida tungewasha moto papo hapo, lakini nilimzuia. Kuni zilikuwa zinatumaliza. Lita 7 hivi za tembo tamu hutoa kilo 1 tu ya sukari, na maji yote yaliyobaki lazima uyafukuze kwa moto. Nikaona afadhali tungoje la asubuhi tuchemshe mara moja.

"Tembo halimngoji mtu, mpwa wangu," akasema, akaenda kulala.

Asubuhi akaleta lita 11. Nilipofunua ndoo ya jana, povu lilikuwa limezunguka ukingoni na harufu yake ilichoma pua. Chokaa tuliyotia vibuyuni ilichelewesha uchachu, haikuuzuia. Nikachanganya hivyo hivyo.

Nilikoroga kwa saa nyingi. Rangi ikaja, uzito ukaja. Siku nyingine, ukishaipua, uji ule huanza kufifia mng'ao, mwiko unakuwa mzito, chenga zinajitenga zenyewe. Safari hii ulivutika kama gundi, unang'aa, na ukabaki hivyo mpaka ukapoa. Uchachu ulikuwa umeivunja sukari usiku, ikawa ya aina isiyokubali kuganda. Kuni zilikuwa zimekwisha, na kilo 3 nilizozitarajia hazikuwepo.

Nikatoa daftari niandike hasara. Mjomba akaja kusimama nyuma yangu, akasoma polepole: kuni, chokaa, mifuko, mauzo.

"Mimi umeniandika wapi?"

Sikuwa nimemwandika popote. Miezi yote ile niliyojisifia faida, minazi 10 ilipandwa asubuhi na jioni, mara 20 kwa siku, kila mara ncha ya karara, kole la maua ya mnazi linalotoa tembo, ikatwe upya kipande chembamba, na mpandaji hakuwa na mstari wake. Hata nazi sikuzihesabu, ingawa karara inayogemwa haizai. Niliona aibu sana.

Nikampa kalamu. Akaandika ujira wake mwenyewe, mdogo kuliko ambao mgema mwingine angeudai. Nilipouhesabu kuanzia mwezi wetu wa kwanza wa kazi, faida yote ikatoweka.

Jioni hiyo tuliwasha moto kabla hajafua shati. Mnunuzi wa kwanza niliyemtajia bei mpya aliondoka. Wa pili aliuliza kwa nini imepanda, nikamwonyesha daftari, akachukua kilo 2.