Beringi namba 6305 na shahada yangu ya ugavi

Nilipomaliza mwaka wa pili nilikuwa na barua tano za kuomba fildi, zote zimegongwa muhuri wa chuo, zote za ofisi za serikali. Dodoma ndivyo ilivyo. Mji umejaa wizara na wakala, na mtu anayesoma Ununuzi na Ugavi akisema anataka kwenda kwingine, wenzake wanadhani amechanganyikiwa. Barua nne hazikujibiwa. Ya tano nilijibiwa na mlinzi pale getini: nafasi zimejaa, jaribu mwakani.

Mama mdogo, niliyekuwa nakaa kwake Chang'ombe, akanishika mkono hadi Kizota kwa mzee mmoja anayeuza vipuri vya mashine. Nilikwenda nimenuna. Rafu za mbao hadi darini: beringi, mikanda, oili sili, puli, minyororo, na mota mbili tatu zimelala sakafuni. Harufu ya grisi ilinifuata hadi kwenye daladala. Nikasema moyoni, wiki nane tu, nijaze logibuku yangu nipigiwe muhuri, niondoke.

Wiki ya tatu nikaharibu. Ilikuwa Agosti, vinu vya alizeti vinakamua usiku na mchana. Fundi mmoja wa kinu kilichoko Kongwa akapiga simu: "Mbukwa! Nahitaji beringi, shafti yangu ni milimita 25." Mzee alikuwa ametoka. Nikafungua katalogi, nikaona 6205, tundu lake 25, nikafunga mzigo na kumpa bodaboda aupeleke stendi ya Nanenane. Nilijiona mtaalamu. Jioni simu ikalia tena. Beringi imeingia kwenye shafti vizuri, lakini ndani ya nyumba yake, yaani lile tundu la chuma inamokaa, inacheza kama jino bovu. Nyumba ilikuwa ya milimita 62, na niliyotuma ni ya 52. Alihitaji 6305, nasi hatukuwa nayo hata moja. Ikabidi iagizwe Gerezani, Kariakoo, ipande basi la usiku. Kinu kililala siku mbili, na wakulima wamelala juu ya magunia yao wakisubiri zamu ya kukamuliwa.

Nilitegemea kufukuzwa. Mzee alinisogezea venia, kile kifaa cha kupimia milimita, na kreti la beringi chakavu. "Binti yangu, kaa hapo upime. Ukimaliza zote, anza tena."

Basi nikapima. Na namba zile ambazo nilikuwa naziona kama namba za simu zikaanza kusema. Tarakimu mbili za mwisho ukizizidisha kwa tano unapata tundu: 04 ni milimita 20, 05 ni 25, 06 ni 30. Chini ya hapo hesabu inagoma, unakariri tu: 00 ni 10, 01 ni 12, 02 ni 15, 03 ni 17. Ile 6 ya mwanzo inakwambia ni beringi ya gololi, safu moja. Tarakimu ya pili ndiyo iliyoniponza: 2 ni nyembamba, 3 ni nene zaidi kwa tundu lilelile. Ndiyo maana 6205 ni 25 kwa 52 kwa 15, na 6305 ni 25 kwa 62 kwa 17. Mwishoni ukiona ZZ, imefunikwa kwa bati pande zote mbili. 2RS ni mpira, na kwenye vumbi la maganda ya alizeti mpira unasaidia sana. Mikanda nayo ina lugha yake. B68 ina upana wa milimita 17 juu, na hiyo 68 ni urefu wa ndani kwa inchi. Darasani hakuna aliyenifundisha haya. Tulisoma zabuni, mikataba, kamati za tathmini, tena zabuni.

Baadaye nilikuja kujua kwamba Marekani kuna vyuo vikuu, Texas A&M kikiwemo, vinavyotoa shahada nzima ya usambazaji wa bidhaa za viwandani: uhandisi kidogo, biashara kidogo. Nilicheka, maana ndiyo kazi ya Mzee hasa. Kiwanda cha beringi kule Sweden au Japani hakiwezi kumuuzia fundi wa Kongwa kipande kimoja. Kuna anayeleta kontena, kuna wa Gerezani anayenunua maboksi, na kuna wa Kizota anayeweka vipande sita kwenye rafu na kujua kipi kinaingia wapi.

Lakini chuo nacho hakikuniacha mikono mitupu. Mzee alikuwa na madaftari ya mauzo ya miaka miwili, ameyaweka chini ya kaunta pamoja na panya. Nikayaomba. Usiku mama mdogo akilala, mimi nahesabu. Aina za vipuri zilikuwa zaidi ya 400, na kama sitini hivi ndizo zilizoleta sehemu kubwa ya fedha. Kwa hizo sitini nikatumia kanuni ya mwaka wa kwanza: mauzo ya siku, mara siku za kusubiri mzigo, jumlisha akiba ya dharura. 6305 msimu ukikolea tunauza mbili kwa siku. Kutoka kuagiza hadi kupokea, siku nne. Akiba nikaweka sita. Kwa hiyo zikibaki 14 rafuni, agiza. Januari namba hiyohiyo inashuka hadi tatu. Nikaandika kwa kalamu nyekundu kwenye kila boksi.

"Mimi nilikuwa naangalia kwa macho tu," Mzee akasema. Siku ya pili akaniambia nifanye hivyohivyo kwenye mikanda. Nilipohitimu, mwaka mmoja baadaye, alinipigia kabla sijaanza hata kuzungusha barua.

Nisiwadanganye, zipo kanuni zilizogoma. Ile ya kiasi nafuu cha kuagiza, iliyotungwa na Ford Harris mwaka 1913, iliniambia tununue mizigo mikubwa mara chache. Kwenye karatasi ni sawa. Ila haimjui mwenye kinu anayechukua kwa mkopo hadi auze mafuta na mashudu. Tulijaribu mara moja, fedha zote zikalala rafuni, tukakosa hela ya kununua oili sili.

Siku hizi nafanya kazi ya kuzunguka. Machi na Aprili, kabla alizeti haijavunwa, napita vinu vya Kongwa, Manyoni hadi Singida mjini, mashine zikiwa zimefunguliwa kwa matengenezo, naandika namba za beringi na mikanda ya kila kinu kwenye daftari. Msimu ukianza, fundi akipiga simu simuulizi shafti, namuuliza mashine ya ngapi. Treni ya SGR ilipoanza kufika Dodoma Julai 2024 nilidhani siku nne zitakuwa moja. Mimi naenda Gerezani asubuhi na jioni niko nyumbani, ila mzigo wetu bado unapanda basi.

Tuliosoma pamoja tumetawanyika. Mmoja yuko halmashauri, kutwa yuko kwenye NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi kwa mtandao. Mwingine anatunza stoo ya kiwanda. Wa tatu yuko kwa msambazaji mwenye mzigo wake ndani ya stoo ya mgodi, Kanda ya Ziwa, analipwa kadiri unavyotumika. Huyo ndiye ninayemwonea wivu. Nilipouliza habari za nafasi huko, swali la kwanza lilikuwa usajili wa PSPTB, ile Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi. Mitihani yao nimebakiza masomo mawili, na Mzee ananipa ruhusa ya kusoma huku akinung'unika.

Mshahara? Yule wa halmashauri ananizidi. Julai hadi Oktoba, kamisheni zikiingia, mimi ndiye ninayelipa chipsi kuku. Ikifika Januari vinu vimezimwa, namkopa. Mwaka huu nimemkopa mara mbili, na ya pili bado ananidai.