Matumbo kwenye pipa, mapanki kwenye kikaango

Sangara akishatolewa minofu, zaidi ya nusu ya uzito wake bado iko mezani. Kwenye mialo ya Mwanza karibu kila baki lina mwenyewe: bondo (kifuko cha hewa cha samaki) lina mnunuzi wake, vichwa na mapanki (mifupa iliyobaki na nyama kidogo) hukaangwa na kuliwa. Kinachobaki kunuka ufukweni ni matumbo na matamvua. Hayo ndiyo ya kutengenezea sileji, yaani mabaki yaliyosagwa na kuhifadhiwa kwa tindikali au kwa kuchachushwa, yawe chakula cha kuku, nguruwe na sato wa bwawani.

Wengi hurundika kila kitu kwenye pipa moja, mapanki yakiwemo. Nalipinga hilo kabisa. Panki ni kitoweo cha watu wasiomudu samaki mzima. Halafu mifupa yenyewe hula tindikali: chokaa iliyomo huidhoofisha, pH (kipimo cha ukali wa tindikali; ikishuka, ukali umezidi) inagoma kushuka, na mzigo unaoza ingawa kipimo kilikuwa sahihi.

Matumbo yawe ya siku hiyohiyo, maana sileji huzuia kuoza, haiponyi kilichokwisha oza. Toa mabonge ya mafuta uyachemshe kando. Pasua mfuko wa chakula, ukague ndoano na vipande vya nyavu kabla havijavunja kinu. Kisha saga kwa kinu cha nyama, vipande visizidi sentimita 1.

Kwa kilo 100 weka kilo 3 za tindikali ya fomiki ya asilimia 85, ambazo ni kama lita 2.5. Vaa glavu nzito na miwani, simama upepo unakotoka, na maji mengi yawe karibu. Tindikali hii huunguza ngozi na macho. Tumia pipa la plastiki tu, chuma kitaliwa. Koroga hadi chini kabisa, kwa sababu bonge moja lisilofikiwa na tindikali linatosha kuanza kuozesha pipa zima. Pima pH: iwe chini ya 4. Rudia kukoroga na kupima kila siku, na ikipanda ongeza tindikali kidogo. Kwa joto letu, baada ya siku chache matumbo huyeyuka yakawa uji, kwa vimeng'enya vyake yenyewe, yaani kemikali za tumboni zinazosaga chakula.

Ukikosa tindikali, chachusha: kilo 15 za molasi na lita 5 za mtindi kwa kilo 100. Hapa hewa ndiyo adui. Jaza pipa karibu na ukingo, funika, lakini acha upenyo wa gesi kutoka, la sivyo mfuniko utaruka. Ndani ya siku 3 hadi 5 pH ifike 4.5 au chini yake, na harufu iwe ya uchachu. Isiposhuka, mara nyingi molasi ilikuwa pungufu: bakteria wa maziwa walikosa sukari, wa kuozesha wakawatangulia. Pipa linalonuka uvundo lifukiwe, mifugo wasipewe.

Engua mafuta yanayoelea juu kabla ya kulisha. Changanya uji na pumba kilo kwa kilo, tandaza kwenye turubai kwa tabaka jembamba, geuza mara kwa mara hadi ukauke na kumeguka. Kwa kuku anza na asilimia 5 ya chakula chote. Mayai yakianza kuwa na ladha ya samaki, mafuta hayakuenguliwa vizuri au kiasi kimezidi. Kipunguze, na kwa wa nyama acha kabisa wiki 2 kabla ya kuchinja.