Notisi ya miezi mitatu na kidonge cha presha

Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii hapa Malindi, Kenya, mmoja wa wale laki moja nchi nzima waliokabidhiwa mikoba ya kazi mwaka 2023: mashine ya presha, kipimo cha sukari, simu ya kuandikia taarifa. Kila mmoja wetu ana nyumba zake kama mia hivi. Nyumba ikiwapo, kazi yangu naijua. Inayonitesa ni nyumba inapoondoka.

Wa pwani wenzangu mwaelewa maana ya nyumba bila ardhi. Ukuta umeukandika mwenyewe, makuti umeyashona mwenyewe, lakini kiwanja ni cha mtu na kodi ya ardhi unamlipa. Mizizi yake ni mirefu. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliwapa ardhi waliojitokeza kudai mbele ya Mwingereza. Wengi ambao hawakudai, wajukuu zao ndio hao wanaoitwa maskwota.

Katika nyumba zangu kulikuwa na bibi mmoja mshona makuti. Presha yake tulikuwa tumeiweza, haipandi zaidi ya 140 kwa 85, kwa kidonge kimoja tu cha amlodipine kila usiku. Vidonge aliviweka kwenye kikombe juu ya kifuniko cha mtungi. Akienda kuchota maji ya kunywa baada ya isha, anavikuta. Hakuhitaji kukumbushwa na mtu.

Kiwanja kikauzwa, na mnunuzi alikitaka kitupu. Bibi akahamia kwa binti yake, chumba kimoja, watu sita, jiko la makaa mlangoni. Mtungi ulivunjikia kwenye mkokoteni. Binti alikuwa akisafisha vyumba hotelini. Kusi likaingia, wageni wakaondoka, hoteli ikafunga, naye akarudishwa nyumbani hadi msimu mwingine. Pesa kidogo iliyopatikana ikaenda kwenye kodi. Mwenye nyumba hubisha hodi tarehe tano. Presha haibishi.

Mimi sikujua lolote. Kwenye simu yangu ile kaya ilisomeka “imehama”, basi. Mhudumu wa mtaa wa pili hakuwa naye kwenye orodha yake, na faili la bibi lilibaki zahanati ya zamani. Ni mjukuu wake aliyeniona sokoni akanishika mkono, akanipeleka kwa bibi yake.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Mbona kisogo chaniuma hivi, na macho yaona kiza?”

Mashine ikasoma 196 kwa 112. Nilirudia mkono wa pili, nikaita bodaboda tukaenda hospitali. Aliponea chupuchupu kupata kiharusi, na ninamshukuru Mungu kwa hilo. Mjukuu mdogo alikuwa akikohoa zaidi ya wiki mbili, naye tukampima makohozi. Si kifua kikuu. Ni pumu, na ule moshi wa makaa unaizidisha kila jioni.

Mtu aliyefukuzwa tunamhesabia vitanda na mabati aliyopoteza. Bibi huyu alipoteza pia mahali pa kuwekea kidonge, jirani aliyemuuliza kila asubuhi kama ameamka salama, na zahanati iliyomjua kwa jina. Hivyo ndivyo vilivyokuwa vikimweka hai.

Tangu marekebisho ya 2016, sheria ya ardhi inamtaka mwenye ardhi binafsi atoe notisi ya maandishi ya miezi mitatu kabla ya kumtoa mtu. Miezi hiyo huishia kwa wazee wa mtaa na kwa wakili, na ni haki yenu kujitetea. Lakini siku ya kwanza ile karatasi ikifika, niiteni na mimi. Nitaandika barua ya kuwahamishia kliniki, nitawatafuta wahudumu wa huko mwendako nikawape majina yenu, na tutaomba dawa za miezi kadhaa pamoja. Anayenywa dawa za kifua kikuu, asiyetakiwa kukatiza hata siku moja, tutamshughulikia kwanza. Wenye sukari wanaotunza insulini kwenye chungu chenye mchanga uliolowa maji, msikipakie chungu hicho na mizigo mingine, kibebeni mkononi.