Mlango Uliowekewa Jiwe

Wiki mbili za mwanzo wa muhula ndizo zinazonitia hofu kuliko nyingine zote. Wanafunzi wapya hawajuani kwa sura, magodoro yanaingia na kutoka, na mgeni akipita koridoni na begi begani hakuna wa kumuuliza anakwenda wapi. Mwizi anaujua msimu huo vizuri. Anaijua pia wiki ya mwisho ya mitihani, watu wanapolala kwenye meza za maktaba na waliokwisha kufunga virago wanaacha vyumba wazi huku wakiagana.

Usalama wa chuo ukizungumzwa, mazungumzo hukimbilia getini: ukuta uongezwe urefu, walinzi waongezwe, kamera zifungwe. Sipingi, lakini naamini madhara mengi hupitia mlango uliotengenezwa ujifunge, kisha mtu akauwekea jiwe. Na anayepita hapo mara nyingi ana kitambulisho halali cha chuo hicho hicho.

Tarehe 5 Aprili 1986, Jeanne Clery, mwanafunzi wa miaka 19 katika Chuo Kikuu cha Lehigh, Pennsylvania, Marekani, alibakwa na kuuawa chumbani mwake bwenini. Aliyemuua alikuwa mwanafunzi mwenzake. Alikuwa amepita milango mitatu iliyopaswa kuwa imefungwa, lakini wakazi walikuwa wameiegemeza vitu isijifunge ili wenzao wapite kwa urahisi. Wazazi wake walipigania sheria hadi ikapita mwaka 1990, na leo inaitwa kwa jina la binti yao. Kwa sheria hiyo, vyuo vya Marekani vinavyonufaika na fedha za misaada ya masomo za serikali kuu hutakiwa kutangaza takwimu za uhalifu za miaka mitatu ifikapo 1 Oktoba kila mwaka, na vyenye kitengo cha ulinzi viwe na daftari la matukio ambalo mtu yeyote anaweza kuomba alisome. Daftari hilo nalitamani katika kila chuo duniani, na nitalirudia.

Kwanza lile jiwe. Ukilikuta mlangoni usilipige teke tu ukaondoka. Uliza limewekwa kwa nini, maana huwa lina sababu. Vyumba vya watu watatu vimepewa ufunguo mmoja. Bomba la maji au jiko liko nje ya mlango mkuu. Kadi mpya zimechelewa, au faini ya kupoteza ufunguo ni kubwa kiasi kwamba watu wanaogopa kutembea nao. Sababu hiyo isipoondolewa, jiwe litarudi usiku huo huo hata mkibandika matangazo kumi.

Wakati mwingine kasoro iko kwenye mlango wenyewe. Ule mkono wa chuma wa juu unaourudisha mlango una skurubu ndogo, kwa kawaida mbili: moja huamua kasi ya kujirudisha, nyingine nguvu ya hatua ya mwisho, pale ulimi wa kitasa unapoingia kwenye tundu lake. Hatua ya mwisho ikiwa dhaifu, mlango unarudi, unagusa fremu, ulimi hauingii, na ukiutazama kwa mbali unadhani umefungwa. Kipimo ni rahisi: ufungue kiasi cha sentimita 30, uachie bila kuusukuma, usikilize kitasa kikilia. Usipokisikia, fundi azungushe ile skurubu ya mwisho robo mzunguko tu, kisha ajaribu tena. Akiizungusha kupita kiasi mlango utabamiza usiku kucha, na wakazi watauwekea jiwe tena, safari hii ili wapate usingizi. Mkono unaovuja mafuta hautengenezeki kwa skurubu. Ubadilishwe.

Halafu kuna adabu yetu ya kushikiliana mlango. Ni adabu njema na ndiyo inayotumiwa dhidi yetu. Haina haja ya ugomvi. Muulize anayekufuata, "Habari yako, unamtafuta nani? Twende nikupeleke." Mwenye shida ya kweli atashukuru na kutaja jina na chumba. Asiye nayo atakumbuka ghafla kwamba amesahau kitu nje. Ukihisi hatari usimzuie kwa mwili wako. Mwache apite, nenda penye watu, umpigie mlinzi ukieleza mavazi, viatu na upande alioelekea. Viatu vina maana kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu shati hubadilishwa haraka.

Mlango wa chumba una mambo yake. Kufuli zito halisaidii kitu ikiwa tumbuu, kile chuma kinachopitishiwa kufuli, imeshikwa kwa skurubu mbili fupi zinazoonekana kwa nje. Mwizi haligusi kufuli, anafungua skurubu kwa bisibisi na kuondoka na tumbuu nzima. Tumia bolti zinazopita unene wote wa mlango na nati zake zikae ndani, na upande wa fremu skurubu za milimita 50 hadi 75 zinazofika kwenye mbao imara. Ukihamia, badilisha kufuli siku hiyo hiyo. Huwezi kujua waliokutangulia walichonga funguo ngapi. Dirisha la vioo vya vipande huchomolewa kipande kimoja kimoja bila kelele, na penye nondo hutumika mti mrefu wenye kulabu. Kwa hiyo simu inayochajiwa, begi na kompyuta vikae mbali na dirisha kuliko fimbo ya mita mbili inavyoweza kufika, hata wewe ukiwa umelala humo humo.

Ila hapa nasema kwa mkazo: usifunge bweni kwa nje usiku, na usiweke nondo zisizofunguka kwenye kila dirisha. Machi 2001, katika shule ya sekondari ya Kyanguli huko Machakos, Kenya, moto uliua wavulana 67 bwenini. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na nondo. Mlango wa bweni unapaswa kuhitaji ufunguo au kadi kwa anayeingia kutoka nje, na kwa aliye ndani ufunguke kwa mkono mmoja, gizani, bila ufunguo wowote. Nondo ziwe na sehemu yenye bawaba inayofunguliwa kwa ndani, na kila mkazi aifungue kwa mkono wake angalau mara moja kila muhula, kwa sababu kutu haisubiri ajali.

Wizi wa simu ndio mwingi, na madhara yake hayaishii kwenye simu. Mwizi hana haja ya kujua nywila yako. Anachomoa laini, anaiweka kwenye simu nyingine, anaomba kubadilisha nywila ya barua pepe yako, na msimbo wa uthibitisho unaingia mikononi mwake. Ndiyo maana laini yenyewe inahitaji PIN. Ile ya kuanzia utaipata kwa kampuni ya simu au kwenye kadi iliyokuja na laini. Usibahatishe: ukikosea mara tatu laini itadai PUK, yaani namba maalumu ya kuifungua, na ukikosea PUK mara kumi, laini imekufa. Piga pia *#06# uandike IMEI, namba ya utambulisho wa simu yenyewe yenye tarakimu 15, mahali pengine pasipo simuni. Simu ya laini mbili ina IMEI mbili, andika zote.

Ikishaibiwa, mpangilio wa hatua ni muhimu. Azima simu ya mwenzako, ifunge yako kwa mbali kupitia huduma ya kutafuta simu, kwa kuwa amri hiyo hufika tu simu ikiwa bado kwenye intaneti. Usikae kungoja jibu. Dakika hiyo hiyo wapigie kampuni ya simu wazuie laini, kisha benki na akaunti ya fedha za simu, kisha badilisha nywila ya barua pepe, maana hiyo ndiyo inayofungua nyingine zote. Usiiondoe simu kwenye akaunti yako hata ukikata tamaa. Kufanya hivyo kunamfungulia mwizi njia ya kuiwasha upya kama yake. Na siku chache baadaye ukipokea ujumbe kwamba simu imeonekana, weka nywila hapa uione ilipo, aliyeutuma ni yule yule aliye nayo. Alama ikikuonyesha kwenye ramani kwamba iko nyumba fulani, usiende peke yako wala na kundi la marafiki wenye hasira.

Kompyuta huibiwa mtu akienda msalani "dakika moja tu". Kumwomba jirani wa mezani aiangalie kunasaidia ikiwa umemwomba kwa maneno na akakubali. Kumdhania tu hakusaidii. Kinachowaumiza watu ni tasnifu iliyokuwa ndani. Weka nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja iwe mbali na chumba chako. Flashi inayokaa kwenye mfuko wa begi la kompyuta haihesabiki, maana itaondoka na begi.

Kuhusu ukatili wa kingono naandika kwa uzito. Mtendaji kwa kawaida ni mtu anayefahamika: rafiki wa rafiki, mpenzi wa zamani, mwanafunzi wa darasa moja. Kwa hiyo mafunzo yanayowaambia mabinti waogope vichaka peke yake yanawaacha bila kinga pale hatari ilipo hasa. Aliyetendewa apelekwe hospitali kwanza, hata kama hajaamua kushtaki. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU huanzwa ndani ya saa 72, na kadiri zinavyowahi ndivyo zinavyofanya kazi vizuri. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba hufanya kazi ndani ya saa 120, nayo pia iwahi. Kama anaweza, asioge wala kufua kabla ya kupimwa. Nguo ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, kila moja na wake, kwa sababu plastiki hufungia unyevu na unyevu huharibu ushahidi. Akishuku kwamba kinywaji kilitiwa dawa, aseme mapema ili mkojo wa kwanza uhifadhiwe, kwani baadhi ya dawa hizo hutoweka mwilini ndani ya saa kumi na mbili hivi. Na kama ameshaoga, bado aende. Huduma haijafutika.

Wewe uliyeambiwa, sema "nakuamini" na umuulize anataka nini. Usimpigie mtu yeyote kabla hajakubali, isipokuwa maisha yake yako hatarini. Swali la "kwa nini ulikwenda kwake?" limewanyamazisha wengi hadi leo.

Rushwa ya ngono kwa ajili ya alama nayo ni uhalifu wa chuoni, na una mazingira yake: mwalimu mmoja anayetunga, anayesahihisha na anayetangaza matokeo peke yake. Karatasi zikiwa na namba badala ya majina, zikisahihishwa na wawili, na milango ya ofisi ikiwa na kioo, nafasi hiyo inapungua sana. Mwanafunzi anayesumbuliwa asifute ujumbe hata unaomchefua. Apige picha ya skrini inayoonyesha namba ya simu na tarehe, atume nakala kwa mtu anayemwamini, na simu yenyewe aitunze.

Njia za usiku zikaguliwe usiku, kwa miguu. Taa kali moja inayofuatiwa na giza nene ni mbaya kuliko taa za wastani zilizopangana, maana jicho lililozoea mwanga halioni kitu gizani. Unapaswa kutambua uso wa anayekuja akiwa mita 10 hadi 15. Vichaka pembeni visizidi magoti, na matawi ya miti yaanzie juu ya kichwa, kama mita mbili. Andika namba ya nguzo isiyowaka. "Kule karibu na uwanja" haimfikishi fundi popote.

Ujumbe wa tahadhari kwa chuo kizima ni suala la dakika. Katika chuo kikuu cha Virginia Tech, Marekani, 16 Aprili 2007, watu wawili walipigwa risasi bwenini yapata saa 1:15 asubuhi. Barua pepe ya kwanza kwa chuo kizima ilitoka saa 3:26. Karibu saa 3:40 mshambuliaji yule yule alianza kufyatua risasi katika jengo la madarasa, na waliouawa siku ile walifika 32. Mwenye mamlaka ya kubonyeza kitufe cha ujumbe awe zamu saa zote, na maneno yawe yameandikwa kabla: nini, wapi, ufanye nini. Mazoezi nayo yatangazwe. Novemba 2015, miezi michache baada ya watu 148 kuuawa katika shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, Kenya, Chuo Kikuu cha Strathmore jijini Nairobi kiliigiza shambulio. Watu wakaamini ni la kweli, baadhi wakaruka kutoka ghorofani, na mfanyakazi mmoja akafariki dunia.

Nimesema nitalirudia daftari. Tukio lisiloandikwa haliongezi mlinzi wala taa. Watu huacha kuripoti simu kwa kuwa "haitapatikana", nayo kweli huenda isipatikane, lakini taarifa tano za kona moja ndizo zinazohamisha doria. Andika saa, mahali hasa, kilichochukuliwa na namba zake, sura na mavazi, na njia aliyotokea. Dai namba ya taarifa yako. Picha za kamera usizisubiri, kwa sababu mitambo mingi hufuta za zamani kwa kuandika juu yake baada ya wiki chache, na saa ya kamera mara nyingi imepishana na saa ya kweli kwa dakika kadhaa. Peleka ombi la maandishi siku hiyo hiyo, ukitaja kamera ipi, ukiomba nusu saa kabla na nusu saa baada ya tukio, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa.