Mi ya Babu

Jumamosi mwanangu katoka stoo na kopo la maziwa ya unga, nyaya zimening'inia kama utumbo wa kuku.

"Baba, hii 320 ni nini?"

Imeandikwa kwa penseli kwenye kibao kilichopigiliwa vizibo vya soda, chini ya kizibo cha tatu. Mwandiko ni wangu, ila aliyeamuru iandikwe ni Babu. Nikamwambia asubiri nitafute waya wa umeme. Waya ulikuwa pale pale mezani; nilikuwa natafuta la kusema.

Likizo ya 2014, Ngamiani, Tanga, nyumbani kwa Babu. Nilikuwa na Arduino Uno ya Kichina, kibao kidogo cha kompyuta nilichokinunua Dar, nimejiapiza kutengeneza kinanda kabla chuo hakijafunguliwa. Wiki mbili za kwanza niziruke. Niliunguza vidole, nikaunguza na kitambaa cha meza cha Bibi, na nyumba nzima ikanuka lehemu kuliko ubani.

Kidude kile hakijui sauti, kinajua kuwasha na kuzima. Basi unaiamuru pini moja iwake na kuzimika mara 62,500 kwa sekunde, huku ukibadilisha kila mara iwake kwa muda gani. Rizista moja na kapasita moja vinalainisha mapigo yale, na kinachofika kwenye spika ni wimbi. Umbo la wimbi nililiandika kama orodha ya namba 256. Memori ya kufanyia kazi ni kilobaiti 2 tu, hapo huwezi kujitanua. Programu ikipita kwenye orodha ile polepole, sauti inatoka nene. Ikipita upesi, inatoka nyembamba. Vitufe vilikuwa vizibo vinane, kila kimoja na waya wake, navigusa kwa kalamu ya Bic niliyoitoa wino nikaipitisha waya.

Siku kilipolia mara ya kwanza, Bibi aliuliza kutoka uani, "Mume wangu, unachinja nini humo?"

Babu hakuuliza kitu. Yeye ujanani alikuwa mpiga fidla, enzi za Black Star na Lucky Star, vikundi vya taarabu vya Tanga, ingawa kikundi chake kilikuwa cha arusi za mtaani tu na malipo yenyewe aghalabu yalikuwa sahani ya pilau. Vinanda vya umeme alikuwa havipendi hata kuvisikia. Kwa hiyo alipokuja baada ya alasiri na bakora yake, akavuta kiti karibu na meza, nilijua nimeitwa mahakamani.

"Nipigie, do mpaka do."

Nikapiga. Kwenye kizibo cha tatu akainua mkono.

"Hiyo imepanda. Ishushe."

"Babu, hiyo ndiyo mi yenyewe, ya do-re-mi. Ona, mitetemo 329 kwa sekunde."

"Nimekuuliza inaitwaje?"

Nikashusha mpaka 311, mi bimoli, yaani mi iliyoshushwa nusu hatua. Akacheka kidogo. "Sasa umeitumbukiza kisimani."

Basi ikawa kazi. Kila mara nabadilisha namba kwenye kompyuta, naituma, vitaa vinapepesa, tunangoja sekunde kadhaa, nagusa kizibo. 325. "Shusha." 322. "Bado." 318. "Umepita, babu, rudi." Alikuwa amefumba macho. Bakora ameilaza kifuani, na kidole chake cha shahada, cha mkono wa kushoto, kimekaa juu ya mti ule kama vile kuna uzi. Nilipotuma namba mpya, kidole kilisogea. Kidogo tu, unene wa ukucha, juu au chini. Mara kikawa kinatangulia: kinasogea kwanza, ndipo mimi nabadilisha. Nikaacha kutazama kompyuta, nikawa natazama kidole. Kahawa ilipoa. Muuza mkate wa ajemi alipita akaita hodi na hakuna aliyemjibu. Nilipofika 320 kidole kikatulia.

"Hapo," alisema. "Iandike usije ukaisahau."

Nikaiandika. Baadaye sana nilisoma kwamba Waarabu wana maqamu, yaani ngazi ya sauti, iitwayo Rast, na daraja yake ya tatu hukaa karibu na hapo hapo, katikati ya mi na mi bimoli, mahali ambapo kinanda cha kawaida hakina kitufe. Babu hakuwahi kulitaja jina hilo. Kwao, alisema, mwalimu alikuwa akikukata jicho tu, ukajua umekosea.

Ningeishia hapo, ingekuwa hadithi nzuri. Lakini mimi kwa furaha niliikaza kalamu juu ya kizibo, nikaiacha sauti ilie, na ilie, na uso wa Babu ukaanza kukunjamana.

"Mbona imesimama?"

"Si umesema hapo?"

"Hapo ndiyo. Lakini hapo si pa kukaa, ni pa kupita." Kisha akaomba kahawa nyingine.

Niliazimia kuandika programu ya kuifanya sauti iteleze. Chuo kikafunguliwa. Babu akatutoka mwaka uliofuata. Fidla iko kwa mjomba, Pongwe, haina hata uzi mmoja.

Jumamosi, basi, tukachomeka spika, na kopo likalia, jambo ambalo sikulitegemea. Mwanangu akachukua simu yangu, akafungua programu ya kupimia sauti, akagusa kizibo cha tatu. Sindano ikawa inatetemeka kati ya herufi mbili, haijui iangukie wapi.

"Hiki kibovu, baba. Kirekebishe."

Nikamwambia akiache hivyo hivyo. Akaniuliza, sasa wimbo wa shule ataupigaje kwa mi ya namna hii? Na kwa kweli haupigiki. Tumejaribu mara nne.