Mkono wa mama haupiti kwenye simu

Tulipohamia nje, kitu cha kwanza kutushinda ni jiko. La umeme bana, ukilizima sahani yake bado ina moto dakika kadhaa, sasa mi nazima nageuka kukata kitunguu, narudi nakuta chini pameshashika. Nikikaanga kwa moto mkali kengele ya moshi inalia, mtoto anakimbia na taulo kupepea.

Halafu unga. Nilikuwa namlaumu mume wangu eti anakanda vibaya (yaishe baba), kumbe unga wa huku una protini nyingi kuliko tuliouzoea, unakunywa maji balaa na unavutika kama mpira, ukiusukuma unarudi ulipotoka. Siku hizi tunauacha upumzike nusu saa ndo unakubali. Na waliohamia milimani wajue maji huko yanachemka kabla ya nyuzi 100, kwenye mita 1,500 ni kama 95 hivi, kwa hiyo msigombane kwa nini chakula hakiivi.

Juzi nimempigia mama kwa video. Shikamoo mama, chumvi kiasi gani? "Marahaba, weka ya kutosha tu." Ya kutosha ndo ngapi jamani! Nikamwomba achote kama anavyochotaga, aimwage kwenye kijiko mbele ya kamera. Ikatoka kijiko cha chai kimoja na nusu, nikaandika nikabandika ukutani.

Binti yangu anaweka nusu yake, anasema ya bibi imezidi. Bibi bado hatujamwambia.