Linux tatu kwenye laptopu moja

Laptopu ilikuwa ya mdogo wangu anayesoma chuo hapa Mwanza. RAM GB 4, diski ya kizamani, na Windows yake ilishachoka. Mwishoni mwa 2022 nikamwambia ahamishe kazi zake zote kwenye diski ya nje, nimpigie Linux, mfumo endeshi wa bure unaokaa badala ya Windows.

Linux ina matoleo mengi; nilianza na linaloitwa Debian 11 kwa ajili ya bando tu. Faili lake dogo la kusakinishia lilikuwa halifiki MB 400, la Ubuntu, toleo jingine, lilikuwa linapita GB 3, na mimi hapa Mabatini napakua kwa simu. Mwanzo ulikwenda vizuri. Tanzania haimo kwenye orodha ya kwanza ya nchi. Unaingia kwenye nyinginezo, halafu Afrika, ndipo unaikuta. Kisha skrini ikasimama: kuna faili zinakosekana, jina linaanza na iwlwifi, leta flashi yenye nazo. Hizo ndizo zinazoamsha Wi-Fi ya Intel, na kwa kuwa si programu huria (ambazo yeyote anaruhusiwa kuzibadilisha na kuzigawa), Debian ya wakati ule haikuziweka kwenye faili lake rasmi. Debian 12 ya 2023 inakuja nazo, na nilifurahi sana kuliona hilo.

Nikachomeka simu kwa waya wa USB, nikawasha kushea intaneti, ikakubali. Lakini faili dogo maana yake mzigo wote uliobaki unavutwa mtandaoni wakati unasakinisha. Mstari ulisogea, ukasogea, ukaganda. Bando limekata, saa tano usiku, na Windows nimeshaifuta.

"Kaka, kesho kutwa nina kazi ya kukusanya," mdogo wangu akasema. Sikulala vizuri.

Asubuhi nikapanda daladala hadi Kirumba kwa rafiki mwenye Ubuntu 22.04 na Linux Mint 21 ya Xfce, yaani yenye mwonekano mwepesi wa skrini. Ubuntu iliona Wi-Fi papo hapo na maswali yake ni machache, ila ilipomaliza, kufungua folda tu ilikuwa kusubiri. GNOME, mwonekano wa skrini unaokuja na Ubuntu, ni nzito kwa mashine ile.

Mint tuliiwasha kwanza ikiwa bado kwenye flashi. Hapo ndipo naipendea: kabla hujagusa diski unajaribu Wi-Fi, sauti, mwanga wa skrini, kila kitu. Mdogo wangu akafungua LibreOffice, programu ya kuandikia kama Word, akaandika jina lake, akasema weka hii. Haikufika nusu saa, na hatukutumia bando hata kidogo. Masasisho niliyaacha mpaka Jumatatu, nikayavuta kwa Wi-Fi ya kazini.